Vidole Viwili vya Mwenda

Jean-Bosco Mwenda alipiga gita kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia: kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nene, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayejua aendako. Cha shahada kilicheza kwenye nyuzi nyembamba, mara kikitangulia, mara kikichelewa, kisha kikarudi kumpokea mwenzake mahali ambapo hukumtazamia. Anayesikia wimbo wake "Masanga" kwa mara ya kwanza huuliza wapigaji ni wangapi. Ukimjibu kuwa ni mmoja, hakubali. Huku kwetu Bijombo nimeshuhudia ubishi huo ukimaliza jioni nzima, na wanaoukata ni wale wazee waliowahi kushika gita wenyewe. Hawasemi mengi. Wanainua mkono wa kulia, wanakunja vidole vitatu, wanaonyesha viwili.

Wengi wanaompenda Mwenda katika milima hii hawakumwona hata siku moja. Bijombo iko juu, kwenye nyanda za juu za Uvira, ambako ng'ombe hulala kwenye ukungu na mtu anayetoka mwambaoni hufika amechoka magoti. Nchi ya Mwenda ni Katanga, mbali kusini. Lakini muziki wake ulikuwa na njia ya kupita. Reli kutoka Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915, na kutoka hapo meli zilipanda ziwa Tanganyika hadi Kalundu na Bujumbura. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilichukua wafanyakazi wengi kutoka Ruanda-Urundi kwenda kwenye migodi ya shaba. Aliyerudi kutoka huko alirudi na nguo, pengine baiskeli, na kama alijaliwa, gramafoni na santuri zake. Baadaye redio ikamaliza kazi. Kiswahili alichoimba Mwenda kilikuwa kile cha watu wa kazi, waliokutana migodini kila mmoja na lugha ya mama yake, na kwa hiyo Mfuliiru, Mvira, Mnyindu na Munyamulenge walikielewa bila kutafsiriwa.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya Msiri, yule mfanyabiashara wa Kinyamwezi aliyetoka upande wa Tanzania ya leo, akajenga ufalme wa Wayeke, akauawa na msafara wa Wazungu mwezi Desemba 1891. Mwenda alikuwa Myeke, na Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mapema miaka ya 1970, mpiga gita huyu akabaki Mwenda wa Bayeke. Mashabiki wa umri mkubwa bado wanamwita Bosco tu, kama wanavyomtaja ndugu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Kijana alikuwa na miaka 22. "Masanga" ilirekodiwa wakati huo, na kampuni ya Gallo ikaitoa kwenye santuri. Katika miaka iliyofuata Mwenda alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Idadi hiyo ni kubwa, lakini mimi nasimama kwenye ule wimbo mmoja, kwa sababu ndani yake ufundi wote umeshakamilika. Hakuna ngoma, hakuna mwitikiaji, hakuna chombo cha pili. Gita linafungua lenyewe, linazunguka, na mzunguko unaporudi unakuta kitu kimehamishwa: noti imeongezwa hapa, pengo limeachwa pale. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliandika noti za nyimbo za Mwenda moja baada ya nyingine na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1961 na 1962. Alichokichunguza hasa ni ubunifu wa papo kwa papo wa huyu mpiga gita, jinsi alivyobadilisha wimbo huku akiupiga. Wazee wa kwetu walilijua hilo bila karatasi. Wanasema Bosco hakurudi alipopita.

Ufundi huo haukuanguka kutoka mbinguni, wala hauhitaji kusimuliwa kama muujiza. Katika nchi zetu vidole vilikuwa na shule kabla gita halijafika. Chukua ikembe, kile kisanduku kidogo chenye vijiti vya chuma, kinachopigwa pande zote za mto Ruzizi. Mpigaji hukishika kwa viganja viwili na kufanya kazi kwa vidole gumba. Kimoja kinasema, kingine kinajibu, na wimbo unazaliwa katikati, mahali ambapo hakuna kidole kilichogusa. Mtu aliyekua akisikia hivyo, ukimpa nyuzi sita, hawezi kuzikwangua zote kwa pamoja kama anayekuna nazi. Atazigawanya. Atauliza mara moja: nani anasema, nani anajibu?

Na jambo hilo halikutokea Afrika peke yake. Huko Kentucky, Marekani, katika wilaya ya makaa ya mawe, kulikuwa na Merle Travis, mpiga gita wa muziki wa mashambani aliyezaliwa mwaka 1917. Baba yake alifanya kazi kwenye migodi, naye Travis alijifunza kwa wapigaji wa hapo hapo kijijini, akawa maarufu duniani kwa mtindo wa kidole gumba na kidole cha shahada. Vidole vile vile viwili. Kwake makaa, kwa Mwenda shaba. Sidhani kwamba mmoja alimwiga mwingine. Ninachokiona ni watu wa kazi waliotaka muziki kamili nyumbani, jioni, bila kumtafuta mtu wa pili wa kuwasaidia, wakaupata kwa kukitenga kidole gumba na wenzake.

Neno nyumbani nalisema kwa uzito wake. Gita kavu, lile lisilo na umeme, lina kipimo chake, na kipimo hicho ni kiwanja cha nyumba. Likipigwa mlangoni, mke anayechambua maharage analisikia, watoto wanalisikia, jirani aliyepita na jembe anasimama kidogo. Likivuka hapo, upepo unalichukua. Mwenda alitunga kwa kipimo hicho. Majina ya nyimbo zake ni majina ya mambo ya nyumba: "Mama na Mwana", "Watoto Wawili". Hata sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na waliokaa karibu. Hakupaza, kwa sababu hapakuwa na haja.

Maisha yake pia hayakuwa ya msanii anayezurura tu. Alifanya kazi benki, alifanya kazi kampuni ya migodi ya Gécamines, alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia, aliongoza bendi ya Super Shaba. Kuna wanaosikitika kwamba gwiji wa namna ile alilazimika kuwa na ajira. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyerudi kutoka kazini, akala, akavuta kiti, akalishika gita, ndiye aliyeweza kuimba mambo ya watu wanaorudi kutoka kazini. Mashabiki wake wa milimani hawamtaji kama nyota. Wanamtaja kama baba mwenye nyumba yake, na heshima wanayompa ni ile ya mtu aliyetunza vitu viwili pamoja, familia na kipaji, bila kimoja kula kingine.

Sifa zake zilivuka mipaka hata hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 aliishi Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni. Ndugu yake Édouard Masengo naye alikuwa huko, akiimbia tangazo la vidonge vya Aspro. Kenya ilikuwa na wapigaji wake wazuri, akina George Mukabi, na hakuna haja ya kudai kwamba Wakongo ndio waliowafundisha kila kitu. Lakini vijana wengi wa Kenya walikaa mbele ya redio wakitafuta kidole gumba cha Bosco kiko wapi. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta wapigaji wa zamani, akajifunza kwa Mwenda mwenyewe, akaandika kitabu cha safari hiyo kilichotoka mwaka 1982. Naheshimu sana watu wa namna hii, wanaovuka bahari kwenda kuangalia mkono. Naumia pia nikifikiri kwamba sisi tulio upande huu wa ziwa hatukuandika kitu.

Maana wapigaji tulikuwa nao. Gita la kwetu lilitengenezwa. Shingo ilichongwa kwa kipande cha ubao mgumu, tumbo likawa bati la mafuta au sanduku la mbao nyembamba. Nyuzi nene zilitoka kwenye waya wa breki ya baiskeli, uliofumuliwa uzi mmoja mmoja na kunyoshwa kwa subira. Nyuzi nyembamba zilikuwa za nailoni, mshipi wa kuvulia, zilizopandishwa kutoka sokoni Uvira pamoja na ndagala na chumvi. Kama mwimbaji alitaka sauti ipande, alilaza penseli juu ya nyuzi na kuifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ikabana shingo yote sawasawa. Kando yake alikaa mtu na chupa tupu, akiigonga kwa msumari au kwa mgongo wa kisu. Basi. Gita hilo halikukaa sawa kwa muda mrefu, nyuzi zililegea kila wimbo, na mpigaji alijifunza kuzikaza huku akiendelea kuongea na wageni. Sikio lililofunzwa kwa chombo kigumu kama hicho likipewa gita la dukani, linaruka.

Nimewasikia watu wakisema kwamba muziki ule ulikuwa wa walevi. Ni kweli uliimbwa vilabuni, na chupa ile ya kugonga haikuwa ya maji. Lakini nenda kanisani Jumapili, kwenye korali zetu za mlimani, umtazame mpiga gita aliyezidi miaka hamsini. Maneno ni ya Zaburi, na vidole ni vya Katanga. Aliyeokoka aliacha pombe, hakuacha kidole gumba. Kinachonisikitisha kanisani ni kinanda cha umeme, ambacho kikiwashwa hufunika nyuzi zote nene kwa mlio mmoja mpana, na kijana anayejifunza gita pembeni yake hana tena sababu ya kujifunza besi. Anajifunza kukwangua. Naomba viongozi wa korali walau wimbo mmoja kwa ibada wakizime.

Lipo jambo zito kuliko kinanda. Nyanda hizi zimeona vita miaka mingi, na tangu 2018 watu wa Bijombo wa kila kabila wamekimbia, wengine zaidi ya mara moja. Anayekimbia hubeba mtoto, sufuria, blanketi, na ng'ombe kama wapo bado. Gita hubaki ukutani, na nyumba ikiungua linaungua nalo. Muziki wa ukumbini unaweza kuhamia ukumbi mwingine. Huu wa mlangoni unahitaji mlango. Mzee anayelala kwenye hema la plastiki, mbavu zake zikigusana na za jirani, hana kiwanja cha kukaa na wajukuu jioni, na mjukuu aliyekulia hapo hajaona mkono wa babu yake ukifanya kazi. Ufundi wa Mwenda haukufundishwa kwa kitabu. Ulifundishwa kwa mtoto kukaa mkono wa kulia wa mpigaji, karibu kabisa, akitazama.

Mwaka 1988 Mwenda alirekodi tena, safari hii Cape Town, na rekodi hiyo ilitolewa na kampuni ya Rounder ya Marekani baada ya kifo chake. Alikuwa karibu na miaka 60. Vidole ni vile vile viwili, na ukisikiliza kwa makini utaona kwamba kidole gumba kimekuwa na utulivu zaidi kuliko mwaka 1952. Kijana alikuwa akionyesha kwamba anaweza. Mtu mzima haonyeshi kitu, anakaa tu ndani ya wimbo. Ningepewa kuchagua kati ya rekodi hizo mbili kwa ajili ya mwanafunzi, ningempa ya kwanza ili aamke, na ya pili ili atulie. Mwezi Septemba 1990 Mwenda alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Wewe unayesoma haya, uwe Uvira, Makobola, Bujumbura au katika kambi yoyote ya wakimbizi, kama unamjua mzee anayepiga gita kavu, mwendee wiki hii. Mpelekee nyuzi mpya, maana hana. Mrekodi kwa simu yako, na kamera uielekeze kwenye mkono wa kulia, usiishie usoni. Mwombe arudie wimbo mmoja mara kadhaa, kwa kuwa kila mara ataubadilisha, na humo kwenye mabadiliko ndimo ufundi ulimo. Kisha chukua mtoto wa jirani, mkalishe upande ule ule wa kulia, na mzee akimaliza, mpe mtoto gita.