Kalamu, Omena na Kafyu

Kumlea mbwa hadi aweze kuishi na watu bila hofu ni ufundi kamili. Una zana zake na una mafundi wake, na fundi niliyebahatika kumwona kazini kwa karibu ni mdogo wangu. Alikuwa kidato cha pili shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Tarehe 27 mwezi huo ikaanza kafyu, amri ya kutotoka nje, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na muda mfupi kabla jiji la Nairobi halijafungwa, jirani mmoja hapa Buruburu alienda zake ushago akatuachia kijibwa jike, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama, jingine limelala. Jina hatukulitafuta. Tulimwita Kafyu.

Mtoto wa mbwa ana majuma machache tu ya kuuzoea ulimwengu. John Paul Scott na John Fuller, waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba kati ya juma la tatu na takriban la kumi na mbili ndipo mbwa hujifunza nani ni mwenzake na nini si cha kuogopwa. Akiyapitisha majuma hayo bila kuona watu, huenda akawaogopa maisha yake yote. Majuma ya Kafyu yaliangukia wakati ambapo hakuna mgeni aliyebisha hodi, watoto hawakucheza nje, na kila uso barabarani ulikuwa nusu. Tena chanjo yake dhidi ya virusi vya pavo haikuwa imekamilika, kwa hiyo hakufaa kukanyaga ardhi iliyopitwa na mbwa wengine.

Mdogo wangu akachukua kiondo cha Mama. Kila asubuhi alimtia Kafyu ndani, akajifunga barakoa, akaenda kusimama kando ya geti la mtaa. Hakumwonyesha kitu chochote kwa lazima. Pikipiki ya boda ilipopita, alimtazama mbwa badala ya pikipiki: sikio lililosimama limegeukia wapi, mdomo umefungwa au uko wazi, anapiga miayo bila usingizi? Miayo ya namna hiyo ni wasiwasi. Akiiona, alirudi nyuma hatua kadhaa mpaka mwili wa kijibwa ulegee, kisha akampa kipande cha omena. Na kwa kuwa watu hawakuja kwetu, aliwatengeneza yeye mwenyewe. Leo alivaa kofia ya Baba na kutembea akichechemea kwa mkongojo, kesho akafungua mwavuli uani, keshokutwa akaingia na helmeti kichwani na gunia begani. Vifuniko vya sufuria aliviangusha kwanza mbali, jikoni, mbwa akiwa anakula barazani, na kila mara akasogea karibu kidogo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: kuumega ulimwengu vipande ambavyo mnyama mdogo anaweza kuvimeza.

Zana yake kuu ilikuwa kalamu ya kubonyeza. Mbwa haelewi sifa inayokuja akiwa ameshaanza kufanya jambo jingine. Ukimpa chakula baada ya kuinuka, umemlipa kwa kuinuka. Ndiyo maana Keller na Marian Breland, Wamarekani waliofanya kazi na mwanasaikolojia B. F. Skinner, walianza katika miaka ya 1940 kutumia mlio mfupi kumwambia mnyama: hapo hapo, hilo ndilo nililotaka. Mdogo wangu alibonyeza kalamu mara tu makalio ya Kafyu yalipogusa sakafu, kisha omena ikafuata. Nilijaribu pia, nikaona ugumu ulipo. Macho lazima yatangulie mkono, na mkono usitangulie tendo. Yeye alikuwa akiona msuli wa paja ukianza kukunjika kabla mimi sijaona chochote.

Mbwa aliyelelewa hivyo hukua na mambo yake. Mpaka leo mtu yeyote akibonyeza kalamu nyumbani kwetu, Kafyu huketi wima mbele yake na kusubiri, hata kama ni mgeni anayetaka tu kuandika namba ya simu. Barakoa aliielewa kuwa ndiyo dalili ya matembezi, kwa sababu hakuna aliyetoka bila barakoa. Serikali ilipoondoa sharti hilo Machi 2022, alikataa kuamini kwamba mtu mwenye uso mtupu anakwenda popote. Ilibidi tuishike barakoa mkononi, halafu tuiweke mfukoni, hadi akakubali. Na ikifika saa moja jioni huzunguka vyumba vyote kuhakikisha kila mtu yumo, kisha hulala akiegemea mlango. Kafyu ya serikali ilifutwa Oktoba 2021. Yake bado ipo. Sioni kwamba hizi ni kasoro. Kila moja ni jambo tulilomfundisha siku baada ya siku, naye akalishika vizuri kuliko tulivyodhani.

Jaribio kubwa lilikuwa kumfundisha kubaki peke yake, kwa maana alikuwa hajawahi kuiona nyumba tupu. Ilipojulikana kwamba wanafunzi waliobaki nyumbani watarudi shuleni Januari 2021, mdogo wangu alianza mapema. Alichukua funguo, akazitikisa, akaketi. Alivaa viatu vya shule, akapika chai. Mambo yanayotangulia kuondoka aliyarudia hadi yakapoteza uzito. Kisha akawa anatoka mlangoni sekunde tano, kumi, tatu, ishirini, bila mpangilio ambao mbwa angeweza kuutabiri, na kila mara alirudi kabla kilio hakijaanza, akaingia bila mbwembwe. Mtu asiyejua angemwona msichana anayeingia na kutoka ovyo. Tarehe 4 Januari alibeba sanduku lake la bweni. Kafyu alinusa mlango, akageuka, akaenda kulala.

Wako watakaosema mbwa ni wa geti, apewe ugali, afungwe mchana, afunguliwe usiku, na akikosea apigwe. Mtaani kwetu mabango ya Mbwa Kali ni mengi. Lakini mbwa wa kipigo hujifunza mkono, hajifunzi kazi, na mkono huo huo ndio unaohitajika siku ya daktari. Ili kuzuia kichaa cha mbwa kisienee, inatakiwa mbwa wapatao asilimia 70 wachanjwe, na mbwa asiyeshikika hachanjiki kwa urahisi. Kafyu alifundishwa kusimama na kuegemeza bega kwenye goti la mdogo wangu, ngozi ikifinywa kidogo, kalamu ikilia, omena ikifuata. Sindano inapoingia yeye hutazama mfuko wa omena.

Jirani wa nyumba ya pili aliona hayo, akamwomba mdogo wangu amsaidie na dume lake lililokulia kwenye mnyororo. Jumamosi huenda kule na kuketi chini, amempa mbwa mgongo, akirusha omena nyuma bila kugeuka. Dume sasa linakula mkononi mwake. Bado halijakubali shingo yake iguswe, na mdogo wangu anasema mnyororo hautafunguliwa kwanza. Kitakachotangulia ni kuurefusha.