Heko, ParkinsonNet
Mwaka 2004, mjini Nijmegen, Uholanzi, daktari wa mishipa ya fahamu Bastiaan Bloem na mwenzake Marten Munneke walianzisha mtandao wa ParkinsonNet. Tatizo lilikuwa wazi: mtaalamu wa fiziotherapia wa kawaida alipata wagonjwa wachache mno wa Parkinson hata asiweze kubobea. Basi wakateua wataalamu wachache katika kila eneo, wakawafunza, wagonjwa wakaelekezwa kwao. Uzoefu ukajengeka. Leo miguu ya mgonjwa ikigoma ghafla kusonga, mtaalamu anajua la kufanya: humchorea mistari sakafuni aivuke, au humpa mdundo wa kufuata. Baadaye wakaingia wataalamu wa usemi na wa shughuli za kila siku, mitandao ikaenea nchi nzima. Nawapongeza kwa moyo wote, hasa kwa kuipa hadhi kazi ambayo wengi huiona ya pembeni.