Kibaraza Kilichopimwa kwa Goti la Bibi

Ukishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay kwa barabara ya lami, ziangalie nyumba za pembeni. Zile za zamani, za matofali ya kuchoma na bati lililoshika kutu, zina kibaraza mbele: nguzo mbili tatu, sakafu nyekundu iliyopigwa niru, na ukuta mfupi wa kukalia uliolainika kwa miaka mingi ya kukaliwa. Zile mpya zina uzio mrefu, geti, grili, na mbele ya mlango kijisehemu cha vigae vinavyoteleza, kisichomtosha hata mtu mmoja aliyejitwisha kiroba cha mahindi. Pa kukaa hakuna. Anayepiga hodi husimama kwenye mvua mpaka ufunguo uonekane.

Wenye nyumba hizo si wachoyo. Ni wakulima wa kahawa waliojinyima misimu kadhaa ili wapige bati, ni walimu, ni wafanyabiashara wa dagaa. Ukishaingia ndani watakupa chakula na kitanda. Ila nyumba zao hazijui kukaribisha, kwa sababu aliyezijenga hakuambiwa kwamba hiyo nayo ni kazi. Kiingilio kimekuwa kile kinachobaki baada ya vyumba kugawanywa.

Kule Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, yupo fundi wa makamo asiyekubali kuanza kibaraza kabla hajajua nani atakikalia. Nilimkuta akiijengea familia moja nyumba ya vyumba vitatu. Alikuwa amepanga matofali makavu mbele ya ukuta, bila udongo wala saruji, akaagiza bibi wa nyumba aitwe. Bibi akaja na mkongojo wake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba.”

“Hebu kaa hapo.”

Akakaa. Fundi akachuchumaa mbele yake, akamtazama magoti, kisha nyayo. “Miguu inagusa chini, bibi, au inaning'inia?” Inaning'inia kidogo, akajibu. Akamwinua kwa heshima, akatoa safu moja ya matofali, akamkalisha tena. Safari hii alimwomba ainuke mwenyewe, asishikwe na mtu. Bibi akaweka kiganja kwenye tofali la pembeni, akasukuma, akasimama. Fundi akaokota kipande cha mkaa, akachora mstari ukutani pale pale, na kuanzia hapo ndipo kamba ikavutwa na timazi ikashushwa. Vijana wake walikuwa wameshachanganya udongo na walikuwa wanangoja. Hakuwajali. Alimwomba bibi akae mara moja zaidi, sasa upande wa pili wa mlango, aone kama kutoka pale anaiona njia ya kisimani.

Nimeona wahandisi wenye vyeti wakijenga ofisi za mamilioni bila kumkalisha mtu yeyote popote.

Wanaosema kibaraza ni kibaraza tu hawajakaa kwingi. Umatengo juu, kule Litembo au Maguu, baridi ya Juni na Julai inauma, kwa hiyo kibaraza hutafuta jua la asubuhi na ukuta wa upande wa upepo hupandishwa hadi usawa wa bega. Ziwani, ambako maji yenyewe hayafiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, tatizo ni joto. Tena ufukwe wa mkoa wa Ruvuma unatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linakupiga usoni, na mwanga wake uliogonga maji unakupiga mara ya pili. Fundi aliyekuja na ramani ya kwenye simu hukielekeza kibaraza ziwani kwa ajili ya mandhari, na wenye nyumba hukihama kila siku jua likianza kuinama. Yule wa Liuli huushusha upenu mpaka mtu mrefu ainame kidogo anapoingia, au hukizungusha kibaraza kuelekea kwenye mwembe. Sakafu huilaza kidogo kwa nje, maji yatoke yenyewe, kwa sababu masika ya kusini hayana mzaha.

Halafu kuna matope. Anayelima ngolo, yale mashimo ya mlimani ambayo yamewashikia Wamatengo udongo wao vizazi na vizazi, hurudi nyumbani na mguu mwekundu hadi kifundoni. Kibaraza kilichofikiriwa kina jiwe la kukwangulia nyayo kabla ya ngazi ya kwanza, mtungi au ndoo ya maji karibu nalo, pembe ya kuegemeza majembe ambako mtoto hatakanyaga makali, na mahali pakavu pa kutulia gunia la kahawa kabla halijaenda kwenye chama cha ushirika. Mgeni, mzigo, tope na jembe vyote hupita mlango mmoja. Fundi hodari huvipangia kila kimoja pake, visigombane.

Na mlango wenyewe hauwekwi katikati bila sababu. Fundi wetu huusogeza pembeni, ili aliyeketi nje asione moja kwa moja hadi chumba cha kulala wala asihesabu sufuria za jikoni. Ujuzi huo upo pwani pia. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina daka, lenye mabenchi ya mawe huku na huku, na njia ya kuingilia hupinda kabla ya kufika uani, jicho la mpita njia likomee ukutani. Wahindi waliokuja kutoka Gujarat walikuwa na otlo lao, jukwaa lililoinuka mbele ya nyumba, pa kukaa na majirani jioni. Walipofungua maduka Zanzibar na baadaye bara, waliweka biashara mbele, familia nyuma au juu, na baina ya duka na barabara wakaweka baraza, ambalo mteja, mchuuzi na mzee asiyenunua kitu walilikalia sawasawa.

Ndani ya nyumba ya Kihindi kiingilio kina adabu zake, nazo ni za manufaa. Viatu hubaki pale, kwa hiyo panatakiwa kiti cha kuvulia na rafu ya kuviweka visimkwaze mtu. Siku ya sikukuu juu ya fremu hutungikwa majani ya mwembe yaliyotungwa kwenye uzi, na chini mama wa nyumba huchora maua kwa unga, akiudondosha kwa vidole. Kila nikiyaona majani yale huufikiria ufukwe wetu, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, wenye miembe isiyo na idadi na milango isiyotungikwa chochote.

Ila maua ya chini tulikuwa nayo. Kwa bibi yangu, Maguu, sakafu ya kibaraza ilikuwa ya udongo, na kila Jumamosi aliisiriba upya kwa udongo mwekundu na samadi ya ng'ombe. Alianzia ukutani akirudi nyuma kinyumenyume, amepiga magoti, na kiganja chake kilichora nusu duara juu ya nusu duara mpaka ngazini. Ikikauka, michoro ile ya vidole ilibaki. Sisi watoto tulikatazwa kuikanyaga mpaka mgeni wa kwanza apite. Ukutani, upande wa kulia wa mlango, palikuwa na shubaka dogo ambamo babu aliweka tumbaku na kisu chake, na kila aliyefika alijua hapo hapaguswi. Nafasi iliyo karibu na shubaka ilikuwa ya mkubwa kuliko wote aliyepo. Akija mwenye umri zaidi, babu mwenyewe alisogea. Nilijua mpangilio wa ukoo wetu kwa kutazama nani anasogea, kabla sijaweza kutaja majina yao.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba lile lilikuwa salio la sengu. Zamani za Wamatengo, jioni wanaume wa ukoo walikutana mahali pamoja, akina mama wakaleta walichopika, na wote wakala pamoja, mwenye shamba kubwa na asiye na kitu. Hapo wazee walitoa mawaidha, hapo ugomvi wa mpaka ulisemwa na kumalizwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliofanya kazi Mbinga miaka ya 1990 na 2000 waliona jambo hilo bado lina nguvu kiasi cha kulitumia upya katika mipango ya vijiji. Sengu ilihitaji mahali. Ilipopoteza mahali pake pa asili, ilihamia kibarazani, ikakaa huko kimya miaka mingi.

Historia ya matofali yenyewe ni fupi. Wabenedikto walifika Peramiho 1898 na Kigonsera 1899, Waanglikana wakajenga Liuli, na katika karakana zao vijana wetu walifunzwa uashi na useremala. Kilichonivutia siku zote ni kwamba vijana hao walipokwenda kujijengea makwao walichukua tofali na timazi, lakini kibaraza walikijenga kwa kipimo cha mama zao. Hata vijiji vya ujamaa vilipowapanga watu kwenye mistari kando ya barabara katika miaka ya 1970, kila nyumba ililazimika kuitazama barabara, na bado kila nyumba ilitoka na baraza.

Sasa baraza hilo linaondoka. Najua hoja: wezi wameongezeka, vumbi la magari ni baya, na kibaraza kinakula saruji ambayo ingemaliza chumba. Hofu ya mwizi siidharau. Lakini nyumba iliyozungushiwa ukuta bila mtu kibarazani haina jicho hata moja linaloitazama njia, wakati zamani bibi yule wa mkongojo alijua kila mtu aliyepita asubuhi. Na mtoto anayekua nyuma ya geti anajifunza wapi hali ya ukoo wake? Anawaona wajomba zake kwenye misiba tu, wamekaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi chini ya turubai, kwa sababu nyumba aliyojenga baba yake haina pa kuwaweka.

Mafundi wa aina ya yule wa Liuli hawana kazi nyingi siku hizi. Wanaitwa kujenga uzio. Mkono uliozoea kupima goti unapanga tofali juu ya tofali hadi futi nane, na kazi hiyo kijana wa wiki mbili anaiweza.

Wewe unayechoma matofali mwaka huu, Mbinga, Nyasa au kokote, usimwachie mchora ramani sehemu hiyo. Kipe kibaraza kina cha futi sita, upenu ukizidi hapo. Weka jiwe la kufutia miguu na mahali pa ndoo. Kabla kamba haijavutwa, mlete mzee wako akae juu ya matofali makavu, mumwulize kama miguu inagusa chini. Na kama grili ni lazima, ifungwe mlangoni, nyuma ya kibaraza, si mbele yake. Chuma kitakachotumika ni kidogo kuliko cha kukizungushia kibaraza kizima.