Nusu dozi, lakini gari zima

Tarehe 7 Mei 2019, Ebola ikiwa imewaka Katwa na Butembo, wataalamu wanaoshauri OMS kuhusu chanjo walipendekeza dozi ipunguzwe. Aliyemgusa mgonjwa, na waliomgusa huyo, wapewe nusu mililita badala ya moja. Watu wa mduara wa tatu: 0,2. Akiba ilihofiwa kuisha kabla ya ugonjwa.

Ndugu wasomi, na hesabu hiyo mimi sigombani. Chanjo ile ilitunzwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi -60, na ikishayeyuka hairudishwi kwenye barafu. Kuimwaga ni dhambi. Kuanza na waliomgusa mgonjwa ni haki pia.

Shida iko kwingine: anayepunguziwa lazima aone kwamba kweli hakuna cha kutosha. Septemba 2019, Médecins Sans Frontières walisema hadharani kwamba OMS inabana chanjo bila sababu ya kueleweka, wakati Merck walishatoa dozi 245.000 na wako tayari kuongeza 190.000. OMS ikakana, ikasema inafuata mpango uliokubaliwa na serikali. MSF wakaomba kamati huru isimamie. Sasa, kama mashirika makubwa hivi hayaelewani juu ya kilicho ndani ya friji, mama muuza ndizi wa Katwa angejua kwa njia gani?

Na huyo mama ni wa mji ambao uchaguzi wa Desemba 2018 ulisogezwa hadi Machi ju ya Ebola, eti mikusanyiko ni hatari, huku soko na kanisa vikiendelea kujaa. Mwambie basi jirani anachanjwa, yeye hapana. Hasikii mduara wa pili wala wa tatu. Anasikia kuna orodha ya watu wao. (Hilo halimsafishi hata kidogo aliyemuua Dr Richard Mouzoko pale Butembo, 19 Aprili 2019.)

Tena, kubana kulianzia kwenye sindano. Kwenye magari ya kukodi je? Posho, misafara? Watu hawakuita riposti "Ebola business" bure. Machi 2020 mahakama ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, miaka 5 kwa kutapanya zaidi ya dola 400.000 za Ebola, yeye alikana. Ukiiweka hesabu hiyo kando ya 0,2 ya mililita, neno "kuepuka hasara" linaleta kichefuchefu. Mgonjwa ndiye aliyefundishwa kubana matumizi.

Ebola ilirudi upande wa Butembo Februari 2021, ikarudi Beni Oktoba. Wenzetu mnaosomea afya ya umma, hapo ndipo pa kukazia: kila zoni ya afya ibandike mlangoni, kila wiki, kwa Kiswahili, dozi ngapi zimeingia, ngapi zimetumika, ngapi zimeharibika, na nani ameamua nani atangulie. Hiyo haihitaji mfadhili.