Kusoma Kisichoandikwa: Concentus Musicus Wien na Muziki wa Kale

Mhakiki ashughulikiaye maandishi ya kale hukabiliwa na swali gumu: maandishi yanamwambia nini msomaji, na yanamwachia nini akijaze mwenyewe? Swali hilo aghalabu huulizwa kuhusu mashairi na tenzi. Limeulizwa vilevile katika muziki wa Ulaya, na miongoni mwa waliolishikilia kwa muda mrefu ni Concentus Musicus Wien, okestra ndogo ya mji wa Vienna.

Okestra hiyo iliasisiwa mwaka 1953 na Nikolaus Harnoncourt, mkewe Alice, na wenzao wachache. Harnoncourt alikuwa mpiga chelo katika Okestra ya Simfonia ya Vienna, kazi aliyoianza mwaka 1952 na kuiacha mwaka 1969. Alice alikuwa mpiga fidla. Kwa muda wa miaka minne walifanya utafiti na mazoezi faraghani, ndipo wakajitokeza mbele ya hadhira mwaka 1957. Waliziweka kando ala za kisasa, wakatafuta za karne za nyuma au nakala zake: fidla zenye nyuzi za utumbo wa mnyama, filimbi za mbao, na tarumbeta zisizo na vali, ambazo mpigaji huzitoa sauti kwa midomo na pumzi yake tu.

Wasikilizaji wengi walizistaajabia ala hizo kana kwamba ndizo kiini cha jambo. Walikosea. Ala ni chombo. Suala lilikuwa usomaji. Mwaka 1982 Harnoncourt alichapisha kitabu chake *Musik als Klangrede*, jina ambalo maana yake ni muziki kama usemi wa sauti, na humo alidai kwamba muziki wa kabla ya mwaka 1800 hivi uliundwa kwa mfano wa usemi: una silabi nzito na nyepesi, una vituo, una hoja na majibu. Baadaye, kwa maoni yake, muziki uligeuzwa kuwa kama picha iliyopakwa rangi kwa mkono mmoja mrefu. Lawama aliielekeza hasa kwa chuo cha muziki cha Paris kilichoanzishwa mwaka 1795, ambacho kiliweka utaratibu mmoja wa kufundishia na kuufanya mpigo laini usiokatika kuwa ndio kanuni.

Dai hilo lina ushahidi. Johann Joachim Quantz, katika kitabu chake cha mwaka 1752 kuhusu upigaji wa filimbi, alimfundisha mwanafunzi kuutumia ulimi kama atamkaye silabi: *ti*, *di*, *ri*. Konsonanti ngumu ilikuwa na mahali pake, na nyepesi pake. Nchini Ufaransa, kwa upande mwingine, desturi ilikuwa kuandika noti fulani kwa urefu ulio sawa na kuzipiga kwa urefu usio sawa. Aliyezisoma kama zilivyoandikwa alijitambulisha papo hapo kuwa ni mgeni.

Msomaji wa miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu hatashangazwa na jambo hili. Katika miswada mingi ya zamani herufi moja ilisimama mahali pa *b*, *p* na *mb*, na alama moja mahali pa *i* na *e*. Aliyeijua lugha hakukwama, kwa kuwa sikio lake lilitangulia jicho. Mahadhi hayakuandikwa kabisa. Asiyeijua lugha ile angeweza kuitamka kila herufi barabara na bado asisome kitu. Hivyo ndivyo Harnoncourt alivyowaona wapigaji wa zama zake: watu wenye ufundi wa hali ya juu, wakisoma lugha waliyoisahau.

Lakini mara nyingine maandishi husema waziwazi na wasomaji wakaziba masikio. Katika *Majira Manne* ya Vivaldi, tungo zilizochapishwa Amsterdam karibu na mwaka 1725, sehemu ya polepole ya Masika inamwonyesha mchunga mbuzi amelala na mbwa wake akibweka. Mbwa huyo ni fidla ya sauti ya kati, naye Vivaldi ameagiza apigwe kwa nguvu na kwa kukwaruza muda wote. Okestra nyingi zilimnyamazisha mbwa ili wimbo mtamu wa fidla kuu usisumbuliwe. Katika santuri ya Concentus, iliyotolewa mwishoni mwa miaka ya sabini, mbwa anabweka. Wapo waliouita upigaji huo ukorofi. Haiyumkiniki kumlaumu mpigaji kwa kutii agizo la mtunzi, ijapokuwa yakubalika kwamba mahali pengine katika santuri hiyo mikazo imezidi kipimo, na usemi ukawa kelele.

Kazi yao kubwa kuliko zote ni kantata za kanisani za Bach, takriban mia mbili, walizoanza kuzitoa mwaka 1971 kwa kugawana na Gustav Leonhardt wa Uholanzi. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka ishirini. Kila kasha la santuri lilikuwa na maandishi ya muziki ndani yake, ili msikilizaji alinganishe alichosikia na kilichoandikwa. Uaminifu wa namna hiyo ni nadra. Hata hivyo, hapa ndipo mpango wote ulipofikia mpaka wake. Kwa kuwa Bach aliwatumia wavulana mjini Leipzig, Concentus nayo, isipokuwa mara chache, iliwapa wavulana sehemu za juu. Wavulana wa karne ya 18 walivunja ungo wa sauti wakiwa wakubwa zaidi kuliko wa leo. Walikuwa na miaka mingi ya kujifunza na akili iliyokomaa kuyaelewa maneno. Mtoto wa Vienna wa mwaka 1975 hakupewa muda huo. Katika nyimbo ndefu pumzi humwishia, na maneno ya toba huyatamka kama anayesoma orodha. Fidla ya kale huweza kuchongwa upya, koo halichongwi.

Mhakiki wa Marekani Richard Taruskin, katika kitabu chake *Text and Act* cha mwaka 1995, alieleza kwamba kinachoitwa ukale katika upigaji huu ni ladha ya karne ya 20 iliyovishwa kanzu ya zamani. Hoja hiyo inawapata wengi sana. Harnoncourt inampata kwa nusu tu, maana yeye mwenyewe aliikataa fikra ya makumbusho na akakiri kwamba apigaye leo humpigia mtu wa leo.

Harnoncourt alistaafu Desemba 2015 na kufariki Machi 2016. Concentus iliendelea chini ya Stefan Gottfried, na hapo swali la mwanzo likarudi kwa sura nyingine. Usomaji uliobuniwa kwa kubahatisha na kubishana sasa umehifadhiwa katika santuri, na mwanafunzi aweza kuiga kila mkazo wa mwaka 1971 bila kukifungua kitabu cha Quantz hata mara moja.