Nafasi ya Nyimbo za Makuruta katika Fasihi Simulizi: Mfano wa Rumangabo

Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, yaliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi aliwapa walimu na wanafunzi wa Kiswahili mgawanyo ambao ungali unatumika sana madarasani. Miongoni mwa vipera vya wimbo alivyovitaja mna nyimbo za vita, chapuzo, yaani nyimbo za kazi, na nyiso, yaani nyimbo za jandoni. Makala haya hayakusudii kuubomoa mgawanyo huo. Yanauliza swali moja tu: wimbo anaouimba kuruta akikimbia alfajiri katika kambi ya mafunzo ya kijeshi uwekwe katika kipera kipi? Swali hilo laweza kuonekana kuwa ni la kupanga vitabu kabatini. Tutajaribu kuonyesha kwamba jibu lake ndilo linaloamua ni sauti ya nani tunayoisikia ndani ya wimbo huo.

Tumeichagua Rumangabo, katika wilaya ya Rutshuru, kaskazini ya Goma, kwa sababu historia yake inalikaza swali letu. Mahali hapo pana kambi kubwa ya jeshi, na jirani yake pana makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Baada ya vita vya mwaka 1998 hadi 2003, Rumangabo ilikuwa miongoni mwa vituo ambamo wapiganaji wa makundi mbalimbali walichanganywa na kufundishwa upya ili waunde jeshi moja la taifa. CNDP iliiteka kambi hiyo Oktoba 2008. M23 ikaiteka Julai 2012. Jeshi la serikali likarudi Oktoba 2013. Mwishoni mwa mwaka 2022 M23 ikaitwaa tena, na Januari 2023 ikatangaza kuikabidhi kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wanajeshi na polisi waliojisalimisha walipelekwa Rumangabo kufundishwa upya. Uwanja ni ule ule, wakufunzi wanabadilika, na bendera pia. Kuruta hukuta mafunzo yenye sura ile ile: kichwa kunyolewa, kuamshwa kabla ya mapambazuko, mbio ndefu, chakula haba, adhabu ya wote kwa kosa la mmoja, na wimbo usiokoma.

Tuanze na nyimbo za vita. Ni kweli kwamba wimbo wa kuruta hutaja adui, silaha na ushindi. Hata hivyo, kuruta hajaona vita. Mara nyingi hata bunduki hajapewa, bali hushika fimbo iliyochongwa mfano wa bunduki. Tenzi zetu za vita, kama vile Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert au Utenzi wa Vita vya Kagera wa Henry Muhanika, husimulia jambo lililokwisha kutendeka, na mtunzi wake anajulikana kwa jina. Wimbo wa kuruta hausimulii lililotendeka. Unamtayarisha mwimbaji kwa tendo ambalo bado hajaamua kulitenda, na pengine hataulizwa.

Je, ni chapuzo? Umbo lake linaelekea huko: kiongozi hutoa mstari, kundi huitikia, na pigo la mguu hushika mahadhi. Lakini chapuzo humpunguzia mfanyakazi uzito wa kazi yenye tija, iwe ni kulima, kutwanga au kuvuta jahazi. Mbio za kuruta hazilimi shamba wala hazivuti chombo. Kinachofanyiwa kazi ni mwili wa mwimbaji mwenyewe.

Kwa hiyo wahakiki huvutwa na kipera cha tatu, nyiso, na hoja zao zina nguvu. Kuruta hutengwa na jamaa zake kama mwari, hunyolewa, hupewa jina jipya, hufundishwa msamiati ambao raia hauelewi, hustahimilishwa maumivu ili asionekane mwoga. Anayelinganisha kambi na jando hasemi uongo. Lakini analinganisha umbo na kuusahau muktadha, ilhali Mulokozi mwenyewe anautilia mkazo muktadha na namna ya uwasilishaji, yaani fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati.

Tuutazame basi muktadha. Jandoni, mwari hupelekwa na wazazi wake. Kungwi huwajibika kwao. Siku ya kutoka hujulikana, na mtoto hurudi nyumbani kwa vigelegele akiwa mtu mzima wa ukoo ule ule. Nyiso huimbwa mbele ya jamii inayongoja. Katika kambi ambamo vijana wametiwa kwa nguvu, wazazi hawakushirikishwa, mara nyingi hawajui mtoto alipo, na siku ya kumaliza mafunzo haimrudishi nyumbani bali inampeleka mbali zaidi. Fanani na hadhira ni watu wale wale. Msikilizaji wa pekee ni mkufunzi, naye husikiliza ili amjue aliyenyamaza. Kiitikio, ambacho katika fasihi yetu simulizi ni alama ya ushirika, hapa hugeuka kuwa njia ya kuhesabu watu. Jandoni mlango wa kutokea ni sehemu ya ibada. Hapa mlango haupo.

Tusije tukafikiriwa kuwa tunalaumu kila mafunzo. Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1963, nalo lina makuruta, maafande na mchakamchaka. Kijana aliyepitia humo kwa mujibu wa sheria alikuwa na muda uliowekwa, na jamaa zake walijua wamtarajie lini. Mahadhi yaweza kufanana na ya Rumangabo, lakini wimbo si ule ule. Hili lathibitisha kwamba umbo peke yake halitoshi kuamua kipera.

Ushahidi mwingine umo katika lugha. Jeshi la kikoloni la Kongo, na baadaye jeshi la Mobutu, lilitumia Lingala. Vita vya AFDL vya mwaka 1996 na 1997 vilikipa Kiswahili nafasi ya mbele, na pamoja nacho neno kadogo, mwanajeshi mtoto. Kiambishi ka- katika Kiswahili cha Kongo huonyesha udogo, na wingi wake wa kawaida ni tu-. Lakini watoto hao walipokuwa wengi hawakuitwa tudogo, waliitwa bakadogo. Kiambishi cha watu kimepachikwa juu ya kiambishi cha udogo, bila udogo kuondolewa. Sarufi imesema waziwazi kile ambacho wimbo unakificha: mtoto amehesabiwa katika safu za watu wazima, naye angali mtoto.

Sheria imeliona jambo hili kabla ya uhakiki wetu. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani, huko Ituri, watoto wa chini ya miaka 15; nayo ilikataa kwamba ridhaa ya mtoto yaweza kuwa utetezi. Ikiwa ridhaa iliyotamkwa kwa maneno haikubaliki, itakuwaje mhakiki akubali ridhaa iliyoimbwa? Tunaposoma katika tasnifu kwamba nyimbo za kambini ni “sauti ya vijana” na “kielelezo cha ari yao”, tunasoma maoni ya mkufunzi yaliyotiwa sahihi na mtafiti.

Pendekezo letu ni kwamba nyimbo hizi zipewe kipera chao, nyimbo za mafunzo, na kwamba mkusanyaji alazimike kuandika, pamoja na matini, mambo matatu: nani aliyeuchagua wimbo, nini kilimpata asiyeitikia, na mwimbaji alikuwa na njia gani ya kuondoka. Sauti ya kuruta mwenyewe itafutwe penginepo: katika lakabu ambazo makuruta huwapa wakufunzi kwa siri, katika mzaha wa usiku, na katika masimulizi ya waliorudi makwao. Hayo hayana mahadhi ya kuvutia kinasa sauti, wala hayasikiki kutoka barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Lakini humo ndimo mwenye kusema amejichagulia neno lake, na kazi ya mhakiki wa fasihi simulizi huanzia hapo.