Mgeni Asiye na Mwenyeji: Lugha ya Masharti katika Nyumba za Kulala Wageni za Dar es Salaam

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kupima tenzi, riwaya na tamthilia, na ni haki yao kufanya hivyo. Walakini yapo maandishi mengine yasomwayo na watu wengi kuliko utenzi wowote, nayo ni nadra kupimwa kama lugha. Mojawapo ni karatasi ya masharti ibandikwayo nyuma ya mlango wa chumba katika nyumba za bei nafuu za kulala wageni. Kila usiku, katika Kariakoo, Magomeni, Manzese na Ubungo, msafiri aliyechoka hufunga mlango, huwasha taa, na maandishi yanayomkabili ni hayo. Hayana jina la mtungaji, wala hayakukusudiwa kumpendeza mtu. Hata hivyo yana msemaji na msikilizaji, yana mpango wake na sarufi yake. Na kwa kuwa humkuta mtu peke yake katika mji usio wake, athari yake si ndogo. Yastahili kupimwa kwa uzuri wake na kwa upungufu wake.

Yafaa kuanza na neno mgeni lenyewe. Katika Kiswahili mgeni hasimami peke yake. Mwenzake ni mwenyeji. Mtu arudipo safarini haulizwi tu alifika lini, bali huulizwa, "Ulifikia wapi?" au "Ulifikia kwa nani?" Kitenzi fika, kikiisha kupewa umbo la kutendea, hutaka mahali au mtu wa kumpokea msafiri. Kufika ni kazi ya miguu au ya gari. Kufikia ni jambo la watu wawili. Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" haina maana pasipo hao wawili. Hata ile yenye ukali, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", ni mapatano ya pande zote: mwenyeji hutoa takrima kwa siku zijulikanazo, na mgeni, zikiisha, hushika jembe pamoja na wenziwe.

Mji wa Dar es Salaam umeyatia mapatano hayo katika jaribio kubwa. Seyyid Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860. Wajerumani wakaufanya makao ya serikali yao mwaka 1891, badala ya Bagamoyo. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, Serikali ikaanza kuhamia huko kwa vitendo mwaka 2016, na sheria ya mwaka 2018 ikaitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Lakini shughuli hazikuihama pwani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Mgonjwa wa rufani huletwa Muhimbili, mwenye saratani hupelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na mfanyabiashara wa Lubumbashi, wa Lusaka au wa Moroni huja Kariakoo kununua nguo na vyombo. Watu hao wote hawawezi kufikia kwa ndugu. Wengi hawana ndugu mjini. Na aliye naye huenda akamkuta amepanga chumba kimoja pamoja na mke na watoto wanne. Ndipo nyumba ya kulala wageni kwa malipo ilipopata kazi yake, nayo ni kazi ya heshima.

Majina ya nyumba hiyo yaeleza mengi. Neno hoteli lilikuja na majumba ya Wazungu, mfano wa Kaiserhof ya wakati wa Wajerumani, ambayo mahali pake palikuja kuwa New Africa. Lakini midomo ya watu ililichukua neno hilo na kulipeleka jikoni: hoteli ikawa pia mahali pa kula, na mtu aweza kusema amekunywa chai hotelini ambapo hapana kitanda hata kimoja. Basi pa kulala pakahitaji jina jingine, na jina lililoshinda ni gesti. Neno hili lina historia ya ajabu kidogo. Katika Kiingereza lilikuwa na maneno mawili, la kwanza likiwa na maana ya mgeni na la pili likiwa na maana ya nyumba. Kiswahili kililiacha la nyumba, kikalishika la mgeni, kikalitia irabu mwishoni, kisha kikaipa nyumba jina la mtu aliyemo ndani yake. Kwa njia iyo hiyo chumba chenye choo na bafu ndani kimekuwa selfu, neno ambalo asili yake ni nafsi, ingawa anayekilipia hafikirii nafsi, bali hafikirii ila ndoo ya maji. Lugha ya ofisi, kwa upande wake, yasema nyumba ya kulala wageni. Jina hilo ni refu, lakini ndilo pekee linalomtaja mgeni kwa Kiswahili.

Nyingi kati ya nyumba hizo, hasa zile za zamani, hazikutoka mbali na nyumba ya Kiswahili iliyozoeleka mitaani: ukumbi wa katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua wenye choo na kisima au bomba nyuma. Kilichobadilika ni mbele. Palipokuwa na baraza, ambapo mwenyeji na mgeni walijuliana hali kabla ya jambo lolote, pamewekwa dirisha dogo la nondo, daftari na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Katika daftari mgeni huandika jina, kazi, atokako, aendako, na katika madaftari mengi hata kabila. Maswali hayo ndiyo yale yale ya barazani. Tofauti ni kwamba barazani aulizaye naye huulizwa, na daftari haliulizwi neno.

Sasa yatazamwe masharti yenyewe. Nyumba hata nyumba maneno hutofautiana kidogo, lakini mpango wake ni mmoja. Kwanza malipo: mgeni alipe kabla ya kuingia chumbani. Pili muda: mwisho wa kukabidhi chumba ni saa 4 asubuhi. Tatu makatazo: hairuhusiwi kupika chumbani, hairuhusiwi kupiga kelele, hairuhusiwi kuondoka na ufunguo. Zipo nyumba zikatazazo watu wawili wa jinsia moja kulala chumba kimoja, hata kama ni ndugu wawili waliomsindikiza mama yao hospitali na ambao hawana fedha za vyumba viwili. Mwisho huja sharti la mali: vitu vya thamani vikabidhiwe mapokezi, la sivyo uongozi hautahusika na upotevu wowote.

Haki yataka uzuri utajwe kwanza. Kiswahili cha masharti haya ni chepesi na wazi. Mtu wa Kigoma, wa Mtwara na wa Lubumbashi wote wataelewa, na kueleweka na watu wa mbali ni sifa ambayo vitabu vingi vya kisomi havina. Tena makatazo mengi yana sababu njema. Jiko la mkaa au la mafuta ya taa katika chumba chenye dirisha moja huweza kuua kwa moshi au kuteketeza nyumba nzima. Mwenye nyumba naye ana leseni ya kulinda, na daftari lake huweza kutakiwa na polisi siku yoyote. Lugha ya ukali haikuzuka bure. Imeigwa kutoka kwa ofisi ambazo mwenye nyumba huyo huzijibu.

Lakini sarufi yafichua jambo ambalo sababu hizo hazilitoshelezi. Hairuhusiwi ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Nani haruhusu? Karatasi haisemi. Mara nyingine huandikwa "Mgeni hairuhusiwi", ambapo kanuni ya upatanisho yataka "Mgeni haruhusiwi". Wako watakaosema kuwa hilo ni kosa dogo la mwandishi wa vibao. Huenda ni dogo. Ila linaonyesha jinsi fomula ya ofisini ilivyobandikwa juu ya mtu bila kupimwa kama yamfaa, hata kiambishi cha utu kikaanguka njiani. Vilevile mwenye nyumba hajitaji kuwa mwenyeji popote. Hujiita uongozi, neno la ngeli isiyo na uso, na kazi pekee ambayo uongozi huo hujitwika kwa maandishi ni ile ya kutohusika. Katika desturi ya kale kitu cha mgeni kikipotea aibu ilikuwa ya mwenyeji, na Kiswahili kina neno kamili la kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu mwaminifu, nalo ni amana. Neno hilo, ambalo kila Mswahili hulijua, ni adimu katika karatasi hizo.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi: masharti husema na upande mmoja tu. Mgeni ana wajibu saba au kumi, na nyumba haina hata mmoja. Hapana palipoandikwa kwamba maji yatakuwapo alfajiri, kwamba chandarua hakina matundu, kwamba shuka hubadilishwa kila ajapo mgeni mpya, kwamba kitasa hufunga kwa ndani, au nani aitwe feni ikizimika usiku wa joto la Januari. Hayo ndiyo anayoyanunua mgeni, na ndiyo yasiyoandikwa. Methali ya jembe, pamoja na ukali wake, ilitaja siku mbili za mgeni kabla ya kulitaja jembe. Karatasi ya mlangoni huanza na jembe.

Hata pale penye nia njema, kutojali lugha huleta hasara ya fedha. Nyumba nyingine huandika muda wa kutoka kwa tarakimu za saa ya Kizungu, 10:00, bila kuongeza neno asubuhi. Msomaji wa Kiswahili, ambaye siku yake huanza kuhesabiwa jua lichomozapo, ana haki ya kusoma saa kumi, yaani jioni. Akirudi kutoka kliniki adhuhuri aweza kukuta anadaiwa siku ya pili. Kwa mtu aliyeuza mbuzi ili apate nauli, kosa hilo la tarakimu si dogo.

Upungufu wa tatu hauko katika karatasi peke yake, bali katika neno gesti na kitenzi kiandamanacho nalo. Kulala hotelini husikika kuwa dalili ya ukwasi. Kulala gesti husikika kuwa dalili ya jambo la kufichwa. Kitenzi ni kile kile, na kitanda huenda kikawa kile kile; kilichotofautiana ni bei. Dhana hiyo humwelemea zaidi mwanamke asafiriye peke yake. Muuguzi aliyekuja kwenye usaili, au mama anayemngoja mtoto wake wodini, hutazamwa kwa jicho la shaka pale dirishani, kisha hutazamwa kwa jicho hilo hilo nyumbani aelezapo alikolala. Masharti yenye makatazo matupu huipa shaka hiyo muhuri, kwa maana huzungumza na kila mgeni kama mtu ambaye kosa lake halijajulikana bado.

Huenda mtu akajibu kwamba adabu ni bidhaa ya hoteli kubwa, na kwamba mwenye gesti hawezi kuitoa kwa bei yake. Jibu hilo halisimami. Tafadhali haina gharama ya wino kuliko marufuku. Tena adabu hiyo haiko mbali. Imo ndani ya nyumba ile ile. Mhudumu afaguaye ukumbi asubuhi humsalimu mgeni kwa "Umeamkaje?", humpa mzee shikamoo yake, humwonyesha lilipo basi la Muhimbili, na siku ya kuondoka humwambia "Safari njema, ukija tena karibu." Kiswahili cha mdomo na Kiswahili cha karatasi hukaa chini ya paa moja bila kujuana. Mhudumu ambaye huenda hakumaliza shule anatumia lugha kwa ukamilifu kuliko aliyeyapiga chapa masharti, kwa sababu yeye humwona mtu anayesema naye.

Basi linalotakiwa si kuyafuta masharti, bali kuyarudisha katika lugha yenye watu wawili. Hali ya dhamiri ya Kiswahili yatosha kwa kazi hiyo, nayo haipunguzi nguvu ya sharti lolote. Mfano wake waweza kuwa huu: "Karibu, mgeni wetu. Tafadhali ulipe kabla ya kuingia chumbani, upewe stakabadhi. Chumba kirudishwe saa 4 asubuhi. Ukihitaji kuchelewa, utuambie jioni. Usipike chumbani, kwa hofu ya moto na moshi. Fedha na vitu vya thamani utuwekee amana, nasi tutaviandika na kuvitunza. Maji, shuka safi na chandarua kizima ni haki yako. Ukivikosa, gonga chumba namba 1, saa yoyote."

Maneno hayo hayazidi yale yaliyoko milangoni sasa, wala hayamzuii mwenye nyumba kudai haki yake. Yameongeza mambo mawili tu: sababu ya katazo, na mlango wa kugonga. Mgeni ayasomaye akiulizwa kesho alifikia wapi, atakuwa na jibu.